Neno "Afande" na Heshima ya Askari

Katika mji wa Kampala ni machache maneno ya Kiswahili yanayotamkwa mara nyingi kwa siku kama neno "afande". Hutamkwa na konstebo mbele ya inspekta wake kituoni. Hutamkwa na koplo mbele ya kapteni katika kambi ya Mbuya. Hutamkwa na dereva wa teksi anaposhusha kioo cha gari lake usiku kwenye kizuizi cha barabarani. Hutamkwa na mwendesha bodaboda, na mchuuzi wa ndizi, na mama aliyefika kituoni kuuliza habari za mwanawe. Hata yule mkazi wa Kampala anayeshikilia kwamba Kiswahili hakijui kabisa, neno hili analijua, na hulitia katikati ya Kiganda chake bila kusita.

Je, neno hilo moja, likitoka katika vinywa hivyo vyote, lina maana moja? Koplo anapolitamka hutimiza wajibu wa jeshi. Dereva hana wajibu huo, wala hakula kiapo cho chote. Na yule mama anapolitamka mara tatu katika sentensi moja, askari anayelipokea anapokea nini hasa: heshima, utii, au woga mtupu? Swali hili lawahusu kwanza wale wanaovaa sare, kwani wao ndio wanaoitwa kwa jina hilo mchana na usiku.

Yafaa kwanza ifahamike neno lenyewe limetoka wapi. "Afande" si neno la Kibantu, wala si la Kiarabu kwa asili yake. Ni neno la Kituruki, "efendi", ambalo Waturuki nao walilipata kwa Wayunani, na maana yake ni bwana au mwenye mamlaka. Katika dola ya Waturuki, na hasa katika nchi ya Misri, waliitwa hivyo maafisa wa serikali na watu waliosoma. Majeshi ya Misri yalipopanda mto Nile hadi Sudan, na kutoka Sudan hadi jimbo lililotawaliwa na Emin Pasha, neno likapanda pamoja nayo. Mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard, aliyeitumikia Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, alikwenda hadi Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawakuta askari wa Kisudani waliobaki baada ya Emin Pasha kuondoka, wakiongozwa na Selim Bey. Aliwaandika jeshini, na wajukuu na vitukuu vyao ndio Wanubi wa Bombo na kwingineko hapa Uganda. Mwaka 1895 ikaundwa Uganda Rifles, na mwaka 1902 ikaingizwa katika King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wengi bado huliita Keya. Huko ndiko "efendi" ilikogeuka kuwa "afande", na ndiko Kiswahili kilikopata kazi ya kuwa lugha ya gwaride.

Jambo moja la kuchekesha kidogo ni hili. Mwezi wa Novemba mwaka 1934, Serikali ya Uturuki ilipiga marufuku kwa sheria matumizi ya majina ya ukubwa kama efendi, bey na pasha. Neno lililofukuzwa kwao limepata uraia Kampala, Nairobi, Dar es Salaam hata Goma, na halionyeshi dalili ya kutaka kurejea.

Lakini tangu mwanzo neno hili lilikuwa na upungufu. Katika Keya ya zamani, efendi alikuwa mkubwa mbele ya askari weusi, na mdogo mbele ya luteni ye yote wa Kizungu, hata kama luteni huyo alishuka melini wiki iliyopita. Wasudani walioasi mwaka 1897, kwa sababu ya safari zisizokwisha na mshahara duni, walikuwa na maefendi miongoni mwao. Jina hilo la ukubwa halikuwafanya wasikilizwe. Waingereza walipolifufua daraja la efendi katika miaka ya 1950, walilipanga chini ya maafisa kamili, likiwa ndilo daraja la juu kabisa ambalo Mwafrika angeweza kulifikia. Mwaka 1959 Idi Amin alipewa daraja hilo, na ilimbidi angoje hadi mwaka 1961 ndipo afanywe luteni. Cheo hicho, kwa hiyo, kilikuwa na dari, na waliokivaa waliigusa dari hiyo kwa vichwa vyao kila siku. Si ajabu kwamba baada ya Uhuru wa mwaka 1962 suala la cheo na mshahara liliwaka moto upesi. Tarehe 23 Januari 1964 askari wa Jinja waliasi, wakamzuia Waziri Felix Onama mpaka wakaahidiwa nyongeza. Nyongeza walipata, na maafisa wa Kizungu wakaondolewa. Walichojifunza baadhi yao siku hiyo, kwa bahati mbaya, ni kwamba bunduki hufupisha safari ya kwenda kwenye ukubwa.

Hapa ndipo inapobidi maneno mawili yatenganishwe, kwa maana watu wengi huyachanganya, na kuyachanganya kumeleta msiba katika nchi hii. Maneno hayo ni cheo na heshima.

Cheo, katika Kiswahili cha zamani cha pwani, ni kipimo: urefu, upana, kadiri ya kitu. Kutoka maana hiyo ya kipimo ndipo tukapata maana ya daraja la mtu. Na kipimo hutolewa na mwenye kupima. Mamlaka huandika barua, jina hutangazwa, nyota au tepe hushonwa begani, na tangu saa hiyo aliye chini hupiga saluti apende asipende. Ni sawa kabisa, kwani jeshi lisilo na cheo ni kundi tu la watu wenye silaha.

Heshima ni jambo jingine. Neno hili asili yake ni Kiarabu, na huko kwao lina maana ya haya, staha, kujizuia. Mtu mwenye heshima, kwa maana hiyo ya kwanza, ni yule ajuaye mipaka yake na kuona haya kuivuka, wala si yule anayeogopwa. Kisha litazameni neno "mheshimiwa", ambalo hutumika mahakamani na bungeni. Ni neno la kutendwa: mheshimiwa ni mtu ambaye wengine humheshimu. Kitendo kimo mikononi mwa wengine, na wakiacha kukitenda, yeye hana namna ya kujitendea. Mtu aweza kujipandisha cheo akiwa na nguvu za kutosha, na imepata kutokea. Lakini lugha ya Kiswahili haina njia ya mtu kujifanya mheshimiwa peke yake. Atabaki akijiheshimu tu, na kujiheshimu maana yake ni kujiweka vizuri, kuchunga mwenendo wake.

Kiganda nacho kina fundisho lake katika jambo hili. Neno lake la heshima ni "kitiibwa", na mkubwa huitwa "Owekitiibwa". Mzizi wa neno hilo ni "kutya", yaani kuogopa. Kwa hiyo ndani ya heshima ya Kiganda umo uoga, kama ule wa mtu amchaye Mungu au amchaye mzazi wake. Mtu angeweza kusema, basi, kwamba kuogopwa na kuheshimiwa ni kitu kimoja. La hasha. Kiganda hicho hicho, kikitaka kusema "kumheshimu mtu", husema kumtia kitiibwa ndani yake. Huwekwa na wengine. Mtu hazaliwi nacho, wala hakishonewi katika sare.

Sasa, nini kilitokea katika mji huu wa Kampala? Mwaka 1971 ilitolewa amri iliyowapa askari wa jeshi uwezo wa kuwakamata raia. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza kwamba Kiswahili kitakuwa lugha ya taifa. Yakichukuliwa kila moja peke yake, jambo la pili lilikuwa jema. Lakini raia wa Kampala hakukutana na Kiswahili darasani, wala katika kitabu, wala katika mazungumzo ya jirani. Alikutana nacho kwenye kizuizi cha barabarani, kikitoka kwa mtu mwenye bunduki, nacho kilikuwa Kiswahili cha maneno machache: simama, lete, toa, lala chini. Katika miaka ya 1980 yakaongezeka mengine mawili, "panda gari", na hadi leo wazee wa Kampala hawahitaji kufafanuliwa maana yake. Msako wa namna hiyo ulipopita mtaani, watu walipakiwa katika malori, na wengine hawakurudi. Hivyo lugha ambayo katika Unguja na Mombasa ni ya mashairi, ndoa na maamkizi marefu, hapa ikawa lugha ya wanyang'anyi. Kosa halikuwa la lugha. Mpaka leo mwalimu wa Kiswahili akiingia katika shule fulani za Buganda hukuta deni ambalo si yeye aliyelikopa.

Na katika miaka hiyo hiyo vyeo viliongezeka kupita kiasi. Yule aliyekuwa efendi mwaka 1959, aliyeipindua serikali mwaka 1971 akiwa Meja Jenerali, akawa Jenerali, kisha Fildi Mashali mwaka 1975, kisha Rais wa Maisha mwaka 1976, na juu ya hayo akajitunuku nishani, hata akajiita Mshindi wa Milki ya Waingereza. Watangazaji wa redio walilazimika kuvuta pumzi katikati ya jina lake. Mwezi wa Aprili mwaka 1979 majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa uhamishoni yaliingia Kampala, na mwenye majina hayo yote alikuwa amekwisha kimbia. Watu walitoka majumbani wakawaita walioingia "bakomboozi", yaani wakombozi. Hapakuwa na barua wala tangazo lililowapa jina hilo, lilitoka mitaani.

Wapo wanaosema kwamba hayo ni ya wakubwa wa siasa, na askari wa chini hufuata tu. Basi na litazamwe tukio jingine, ambalo lilitendwa na watu wa chini. Asubuhi ya tarehe 21 Septemba 1972 watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu ya Kampala, wakamtoa Jaji Mkuu, Benedicto Kiwanuka, ofisini mwake, mchana, mbele ya watu, wakamtia katika gari. Hakuonekana tena. Mtu huyo alikuwa Waziri Mkuu mwaka 1962 kabla ya Uhuru, na zaidi ya hayo, alipokuwa kijana alikuwa askari katika Vita vya Pili vya Dunia. Aliyajua maneno "ndiyo, afande" vizuri kama ye yote kati ya wale waliomshika. Siku ile nguvu zote zilikuwa upande wao, naye hakuwa hata na fimbo. Leo Idara ya Mahakama ya Uganda hufanya mhadhara wa kumbukumbu kwa jina lake. Majina ya waliompakia garini hayatajwi, na kama jamaa zao wanayajua, hawayatangazi.

Haya hayasemwi ili kuwasimanga askari wa leo, ambao wengi wao walizaliwa baadaye sana. Yanasemwa kwa sababu raia wa leo, anaposhusha kioo cha gari usiku, hubeba kumbukumbu hiyo, yake au ya baba yake. Askari kijana aliyesimama pale Kibuye au kwenye barabara ya Bombo hakutenda lo lote baya. Hata hivyo anarithi kila kitu kilichotendwa na sare iliyomtangulia. Ndiyo sababu sauti ya dereva hutetemeka kidogo hata kama hati zake zote ni sahihi. Askari asiyelijua jambo hilo aweza kuidhania ile tetemeko kuwa ni dalili ya hatia, akaanza kumfokea mtu asiye na kosa. Pengine, na hili ni baya zaidi, ataidhania kuwa ni heshima, akaipenda.

Wale waliopigana vita vya msituni kati ya mwaka 1981 na 1986 walilitambua jambo hili mapema, na halikuwa la hiari kwao, kwani jeshi linaloishi katikati ya wanakijiji haliwezi kudumu wiki mbili likichukiwa na wanakijiji. Kanuni zao za mwenendo zilikataza kumtukana, kumfokea au kumpiga mwananchi. Zilikataza kuchukua mali yake bila kulipa, na zilitaja waziwazi ndizi mbivu na miwa, vitu ambavyo askari mwenye njaa aweza kuviita vidogo. Ilikuwa busara kubwa kuvitaja. Mzee aliyenyang'anywa muwa mmoja na mtu mwenye bunduki amepoteza zaidi ya muwa, na mwanawe aliyekuwa akitazama atalisimulia tukio hilo miaka hamsini.

Katiba ya mwaka 1995 ikayaweka mambo hayo katika sheria kuu ya nchi. Ibara ya 208 inataka jeshi liwe la kitaifa, lenye nidhamu, na chini ya mamlaka ya kiraia. Ibara ya 221 inavitaka vyombo vyote vya ulinzi na usalama, jeshi, polisi, magereza na upelelezi, vizingatie na kuheshimu haki za binadamu katika kazi zao. Angalieni kitendo kilichotumika: kuheshimu. Katiba haikumwamuru raia amheshimu askari; imemwamuru askari aheshimu. Na Sheria ya mwaka 2012 ya Kuzuia Mateso inasema kwamba amri ya mkubwa si utetezi kwa aliyemtesa mtu. Hili kila konstebo na kila praiveti alikariri kama namba yake ya jeshi. Siku atakaposimama kizimbani, "ndiyo, afande" aliyoitamka haitakuwa kinga, na afande aliyeipokea huenda asionekane mahakamani hapo.

Kuna wengine hujiuliza, je, neno hili lingefutwa, kama Waturuki walivyofuta lao? Jirani zetu wa Tanzania walijaribu kitu cha namna hiyo katika siasa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno "ndugu" lilitumika kwa wakubwa na wadogo, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukawakataza viongozi kiburi na dharau. Wafanyakazi wa viwanda waliushika Mwongozo huo mkononi walipowakabili mameneja wao. Hata hivyo jeshi la Tanzania lenyewe liliendelea kusema afande, na bungeni "mheshimiwa" amerudi, amekaa kitako. Neno halina hatia. Jeshi linahitaji neno la kumwitia mkubwa, na hili ni fupi, limezoeleka, na halina kabila. Mwacholi, Mganda, Mnyankole na Mlugbara wote hulitamka bila mmoja wao kuhisi kwamba anaitumikia lugha ya mwenzake. Faida hiyo si ndogo katika nchi hii.

Linalowezekana ni askari kujizoeza kulisikiliza. Afande ya heshima na afande ya woga hazifanani, na masikio hayahitaji elimu kubwa kuzitofautisha. Ya heshima hutamkwa mara moja, mwanzoni, kisha mtu huendelea na maneno yake, tena huuliza: "Afande, barabara hii imefungwa hadi saa ngapi?" Ya woga hurudiwarudiwa, haina swali ndani yake, na mkono huwa umekwisha ingia mfukoni kutafuta noti. Mwananchi anayemheshimu askari humletea habari: ameona gari geni, amesikia kelele nyumba ya pili, kijana fulani amelala na panga. Anayemwogopa humpa pesa, au humpa njia apite, na habari hubaki naye nyumbani. Mkuu wa kituo atakayetaka kujua eneo lake linamheshimu au linamwogopa asihesabu saluti. Ahesabu ni watu wangapi mwezi huu walikuja wenyewe, kwa miguu yao, kumweleza jambo ambalo hakuwauliza.

Mambo nayo yanabadilika. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwezi wa Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Zamani aliyesimama kizuizini alitumia Kiswahili akijua kwamba anayesimamishwa haelewi zaidi ya maneno manne. Mtoto anayejifunza leo huko Nansana au Mukono ataelewa yote. Atajua kwamba "simama" ni amri, na kwamba "tafadhali simama, mzee" ni Kiswahili pia. Na atakaporudi nyumbani atamweleza baba yake, kwa Kiganda, neno kwa neno, jinsi afande wa barabarani alivyosema nao.